Sauti Iliyozidi

Simu ya Nyota ilizungumza Kifaransa tangu ilipotoka kwenye katoni yake, kwa hiyo adhuhuri ile ilipomwandikia Kiswahili, angepaswa kuiweka chini palepale. Kioo kilikuwa cheusi, na katikati yake neno moja: Nifungulie. Chini yake: Ndiyo.

Lakini Nyota alikuwa amechoka. Mumewe Hemedi, nahodha wa baleinière, mashua ndefu ya mizigo, alizama mtoni karibu na Isangi msimu wa mvua uliopita, na mwili haukuonekana. Alichomwachia ni sauti, zile jumbe fupi alizomtumia akiwa mtoni, zote kwenye simu ya zamani. Siku moja programu ya jumbe ikagoma, ikisema simu hiyo haiiwezi tena. Landry, fundi wa simu pale soko kuu, marché central, alihamishia kila kitu kwenye simu mpya, na humo nako sauti zikakataa kufunguka.

"Ya zamani inaomba mise à jour, ya mupya nayo haijue mafaili ya zamani," alimwambia kwa huruma. "Nimejaribu mpaka kwenye ordinateur, kompyuta yangu ya kazi, Mama Djamila. Bado."

Nyota alirudi kwa Landry tena na tena hata akaanza kuona haya.

Basi akabonyeza Ndiyo. Mtandao ulikuwa umekatika mji mzima tangu asubuhi, lakini simu ilijaza mstari wake wa mise à jour, wa kujisasisha, hadi mwisho, ikazimika, ikawaka. Sauti zikafunguka. Nyota alilia akimsikia Hemedi akilalamikia mbu, akiuliza kama mtoto amekula. Alizijua zote kwa moyo, isipokuwa ya mwisho.

"Nyota," ilisema, "huku iko baridi."

Maji yalisikika yakipita, na hayakuwa kando ya msemaji. Yalikuwa kinywani mwake.

Kesho yake nyumba ilinuka tope na samaki aliyeoza. Alipiga deki, harufu ikabaki. Kisha akamkuta binti yake Djamila chini ya meza, simu imezimwa lakini ameibana sikioni, akijibu kwa kunong'ona: "Ndiyo, Papa. Mama akienda soko, nitakuja."

Nyota aliinyakua simu, akaifunga kwa kitambaa, akaitia ndani ya sufuria na kufunika, akasimama pale akihema, na sauti ikaanza tena, kwanza ndani ya sufuria, halafu kwenye ukuta, halafu kwenye ndoo ya maji ya kunywa, ikiita polepole jina ambalo halikuwa lake bali la mtoto, na alipogeuka mlango ulikuwa wazi, na Djamila alikuwa tayari njiani kuelekea mtoni, gauni limelowa hadi kifuani ingawa jua lilikuwa kali na mto ungali mbali.

Aliichukua ile simu, akambeba mtoto mbio hadi kwa Mualimu Alfani, mjomba wa baba yake Nyota, anayefundisha watoto Kurani. Mzee alifukiza ubani, akaiweka simu juu ya mkeka, akauliza iliandika nini hasa siku ile.

"Nifungulie."

"Si Nikufungulie?"

"Hapana, Mualimu."

Mzee alifunua msahafu wake. "Basi ni weye ulimufungulia."

Akasoma, akasoma, mpaka moshi wa ubani ukalala na kuielekea simu kama unaovutwa. Akauliza ni nani. Lililokuwa ndani ya simu likajibu kwa sauti ya Hemedi, bila haraka:

"Mimi sikumuua. Nilimukuta chini, kinywa wazi. Nilibeba tu sauti."

Mualimu alimwambia Nyota azifute sauti zote, za kweli na ile moja, kwa kidole chake mwenyewe. Ikibaki hata moja, mlango umebaki wazi. Nyota akafuta. Mbu wakaenda, maswali ya chakula yakaenda. Ilipobaki ile ya mwisho, ikamwita kwa jina la kitandani ambalo Hemedi hakuwahi kulitaja mbele ya mtu.

"Ukinifuta," ikasema, "nani atakuita hivi?"

Kidole kikasimama. Akamtazama mtoto, midomo imekuwa ya samawati kwa baridi katika joto lile. Akabonyeza. Maji meusi yakamwagika kutoka kwenye simu, yakapita chini ya mlango, na harufu ikakatika.

Wiki zilipita. Djamila alinenepa, akacheka. Jumapili moja wakila ugali kwa pondu ya majani ya muhogo, akauliza, "Mama, Papa alikuwa ananiita namna gani? Nimesahau."

Nyota alitafuta kichwani sauti ya mumewe. Akatafuta tena. Ilikuwapo moja tu, ile yenye maji ndani. Alitaka kusema kwamba yeye pia amesahau, lakini kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka, na ulimi ulikuwa baridi.

"Djamila," kilisema kwa sauti ya Hemedi.

Mtoto akaacha tonge.

"Ndiyo, Papa," akajibu, akainuka kutafuta kandambili zake.