Pete ya Watu Watano

"Hiyo pete umeitoa wapi?"

Msusi alikuwa ameshika nywele kwa mkono mmoja na kitana kwa mkono wa pili. Kwenye kidole chake cha mwisho kulikuwa na pete nyembamba yenye jiwe dogo la bluu, nalo halikukaa katikati, lilikaa upande kidogo. Dobi aliiona kwenye kioo. Akashusha macho kwenye mkono wake mwenyewe uliokuwa juu ya goti. Pete ileile, na jiwe limekaa upande uleule. Yake alivishwa na mchumba wake wiki mbili zilizopita.

"Ipi, hii?" Msusi alikunja kidole haraka. "Nimeletewa tu."

"Na nani?"

"Na mtu. Tulia basi, usinitikisie kichwa."

Simu ya Msusi ilikuwa mezani, chini ya kioo. Ikawaka. Ujumbe ulitoka kwa Nusu Bei, na Nusu Bei mtaa ule alikuwa mmoja tu, mchumba wa Dobi.

"Imekutosha? Nakuomba sana usimwonyeshe mwenzako."

Dobi aliusoma mara moja, akaurudia. Kisha akavua lile shuka la saluni, akalikunja vizuri kama anavyokunja nguo za wateja, akaliweka kwenye kiti. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umeshasukwa. Upande wa kushoto nywele zilisimama zinavyotaka zenyewe.

"Wewe, unakwenda wapi na kichwa hicho?"

"Kazini."

"Subiri nikueleze."

"Atanieleza mwenyewe."

Nusu Bei alipewa jina hilo kwa kazi yake. Alikuwa na chumba kimoja chenye mizani, kompyuta na maboksi mpaka darini, akiwaagizia watu bidhaa za ng'ambo kutoka maduka ya mtandaoni ya bei nafuu. Mtu akitaka sufuria, Nusu Bei hakuagiza siku hiyo. Alilinganisha kwanza: bei hapa, nauli ya mzigo pale, ushuru, siku za kusubiri, na wanunuzi waliotangulia wanasemaje. Dobi aliwahi kumuuliza kama hata chumvi huwa anailinganisha. Alijibu kwamba chumvi haina haja, ameshamaliza kuilinganisha.

Akampigia akiwa njiani.

"Uko wapi?"

"Ofisini, napima mizigo. Mbona unahema?"

"Jumamosi wazee wako wasije kwetu."

Jumamosi ndiyo familia mbili zilikuwa zikutane kupanga tarehe ya ndoa.

"Kuna msiba?"

"Kuna pete. Msusi anayo, nami ninayo. Sijui tupo wangapi kwenye foleni."

"Sikiliza..."

Alikata. Akampigia mama yake, akamwambia Jumamosi asipike, na mama alipouliza kulikoni akasema atamweleza jioni. Sauti ilimtetemeka mwishoni, na hilo lilimuudhi kuliko ile pete.

Kule kwenye duka la kufulia alijifunga kilemba, akawasha pasi na kushika shati la mteja. Alimpenda yule mwanaume. Hakuwa na namna ya kulikwepa hilo. Alipiga pasi kola ileile mara tatu, machozi yakiidondokea, na mara zote tatu alikuwa anajiuliza ataanzaje kukaa bila yeye.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia shangazi yake Nusu Bei, yule aliyemlea, akiwa na mapazia mawili begani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Haya yana mafuta ya jikoni, yape maji moto."

Aliinama kuyaweka kwenye kaunta, na kutoka kifuani pake kikaning'inia kitu kwenye kamba. Pete. Jiwe la bluu, limekaa upande.

Dobi aliweka pasi pembeni.

"Shangazi, hiyo?"

"Ah." Shangazi aliifunika kwa kiganja, akaona amechelewa. "Kijana wako kaniletea. Kaniambia nisikuonyeshe. Sasa mtu mzima nitafichaje kitu kilicho shingoni?"

"Mbona shingoni?"

"Vidole vyangu hivi, itaingia wapi? Nilimwambia aniletee kubwa, akasema haiwezekani, zote saizi moja."

"Zote? Ziko ngapi?"

"Mimi ninayo, Msusi anayo, na mama muuza matunda anayo. Wewe unayo. Yule mama wa matunda imempwaya mpaka kaifunga uzi."

Dobi alikaa kwenye kikapu cha nguo chafu. Mwanaume anaweza kumsaliti mchumba wake kwa msusi, hilo hutokea. Lakini awavishe na shangazi yake na muuza matunda? Hasira ilikuwa bado ipo, ila haikujua tena imwangukie nani.

"Mbona kilemba kimekaa upande?" Shangazi aliuliza.

"Kichwa ndicho kimekaa upande, Shangazi."

Nusu Bei aliingia akitweta, daftari mkononi. Nyuma yake Msusi, na kitana chake.

"Nilimwambia mapema kwamba hili litamtokea puani," Msusi alisema. "Hakusikia."

"Naomba dakika mbili," Nusu Bei alisema.

"Moja," Dobi alisema.

Alifungua daftari juu ya kaunta.

"Unakumbuka mwezi uliopita nilikuwa na plasta kidoleni?"

"Ulisema umekatwa na wembe wa maboksi."

"Sikukatwa. Niliagiza pete kutoka duka la kwanza, la bei ya kutupa. Nikaivaa mwenyewe siku tatu, nachovya mkono kwenye sabuni yenu na dawa ya madoa. Kidole kikawa kijani. Nikaona wewe unayeshinda kwenye maji itakuwaje."

Shangazi alivuta kiti akakaa.

"Duka la pili lina pete nzuri, na isipokupendeza unairudisha ndani ya siku kumi na tano. Lakini jiwe limebandikwa kwa gundi. Maji moto yangeling'oa. La tatu ndilo lenye hii. Chuma kisichoshika kutu, jiwe limeshikwa kwa meno ya chuma, si gundi. Nilisoma maoni mia mbili, nikitafuta wanawake wanaofua. Tatizo, duka lile huuza kwa kundi. Watu watano, oda moja, siku moja, saizi moja. Wasipotimia, mzigo hautoki."

"Na saizi?"

"Niliandika yako. Siku ile nilipokufunga kidoleni uzi wa tiketi ya nguo, ukasema nina akili za kitoto."

Dobi alimtazama Msusi, aliyevaa yake kidole cha mwisho. Akamtazama Shangazi na kamba yake. Hakuna mkono hata mmoja ambao pete ile ilikuwa imekaa mahali pake, isipokuwa wake.

"Hao ni wanne," alisema. "Wa tano nani?"

Nusu Bei alitoa kiboksi kidogo mfukoni.

"Ninayo mimi. Nilifikiri, siku moja itakuponyoka kwenye mashine, utalia."

Msusi alijifanya anatafuta kitu kwenye kitana. Dobi alisikia machozi yanakuja, akayazuia, kwa sababu bado alikuwa na neno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Ungesema nimekugawanya na mtaa mzima."

"Na kweli umenigawanya. Lakini ungeniambia siku ileile, ningecheka. Leo nimepita barabarani na nusu kichwa, nimempigia mama, nimelia kwenye shati la watu. Pete haina kosa. Kosa ni kwamba kila mtu alijua, ila mimi."

"Nimekosa," alisema.

"Na mimi je? Mimi ulinilinganisha na nani?"

Alikuna shingo.

"Nilileta shati moja hapa kufuliwa. Kesho yake nikaleta jingine. Nguo chafu zilipoisha nikawa naleta safi. Wiki saba. Na mlikuwa na ofa ukutani, nguo tatu kwa bei ya mbili. Sikuomba ofa, nililipa bei kamili."

"Wewe?" Shangazi alishangaa. "Bei kamili?"

"Najua," Dobi alisema taratibu. "Zilikuwa zinafika hapa zinanukia sabuni yetu. Nilizifua hivyohivyo, ili urudi."

Dobi akachukua simu.

"Mama, Jumamosi waje. Ndiyo, pika. Ni pete tu, nitakueleza." Akamgeukia Nusu Bei. "Ukinificha tena, hata kama ni kijiko, nakurudisha kwa shangazi yako."

"Simpokei," Shangazi alisema.

Msusi alisogeza kiti. "Sasa kaa nimalizie. Kichwa hicho kinaniharibia biashara."

Miezi mitatu baadaye, siku mbili kabla ya harusi, simu ya Nusu Bei iliita akiwa anapima boksi la viatu.

"Pete imeponyoka kwenye mashine," Dobi alisema. "Tumefungua mpaka bomba, haionekani. Nakuambia sasa hivi, sikufichi."

"Umelia?"

"Kidogo."

"Nakuja."

Alifika na kile kiboksi. Dobi alikausha mkono kwa aproni, akaunyoosha juu ya kaunta, katikati ya nguo za watu. Pete iliingia bila kusukumwa.

"Na hii nayo ikipotea?"

"Itabidi nitafute watu wanne."

"Utawapata wapi?"

"Mmoja ninaye," Nusu Bei alisema. "Shangazi ameshasema ya kwake haivui, lakini ya pili anaitaka."

Dobi alicheka mpaka akashika kaunta. Harusi ilikuwa Jumamosi, na wote wanne, bibi harusi akiwemo, walikuja na pete zao.