Majina Yasiyotulia

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu yalianguka tangu alfajiri, na baridi ilimfanya kila mtu avute shuka mara ya pili. Chiriku hakuvuta shuka. Alitandika kitanda, akapiga mswaki, kisha akapiga magoti. Sala yake ilikuwa fupi: "Mungu wangu, fanya majina yaonekane."

Walimwita Chiriku kwa kuwa alipenda kuongea. Lakini wiki hiyo msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa kimya, na mama yake alidhani ni uchovu wa mitihani.

Shangazi yake, mpiga video za harusi, alikuwa ametengeneza filamu ya familia, na kesho yake ukoo mzima ungekuja kuitazama. Chiriku alipewa kazi ya kuandika majina ya wanaukoo, yapande polepole kutoka chini ya kioo hadi juu. Kwenye kompyuta, karibu na pua yake, yalikuwa safi. Alipoyarusha kwenye runinga ya sebuleni na kukaa kwenye kochi, yaligeuka moshi mweupe.

"Punguza papara," shangazi alikuwa amemfundisha. "Video ni picha nyingi zinazofuatana. Katika kila picha, jina lipande mstari mzima wa nukta za kioo, au miwili mizima. Ukilipandisha mmoja na nusu, mashine haijui ile nusu iiweke wapi, na herufi zinachafuka kingo. Tena acha herufi zenye vijimkia vyembamba, zinametameta. Chagua nene."

Chiriku alifuata yote. Moshi ukabaki palepale. Asubuhi hiyo akazikuza herufi, kisha akazikuza tena.

Kaka yake akasimama mlangoni, nyuma kabisa ya kochi, mkate mkononi. "Haya ni majina ya ukoo au mabango ya barabarani? Baba mdogo amejaa kioo kizima, na mwenyewe mfupi."

"Kwani yanasomeka?"

"Hata jirani anayasoma kupitia dirishani. Na jana yalisomeka vilevile, ulikuwa unahangaika bure."

Chiriku alibonyeza kitufe, majina yakasimama. Herufi zilizosimama hazina sababu ya kuchafuka. Bado aliona moshi, na kaka yake, aliye mbali zaidi, aliona maneno. Basi ubovu haukuwa kwenye filamu.

Aligeuka kumtazama babu yake, aliyekaa pembeni akipapasa meza kutafuta kikombe chake. Babu alikuwa amepofuka. Watu wazima walisema ugonjwa ule ulimjia kimyakimya. Chiriku alijiona akipapasa meza hiyohiyo, akishikwa mkono kuvuka barabara. Akakimbilia jikoni na kujifanya anaosha vyombo, huku midomo ikiomba bila sauti.

Aliporudi, shangazi alikuwa amefika, yuko mbele ya kompyuta. "Nimezirudisha herufi kwenye ukubwa wa kawaida. Sasa tutazame mpaka mwisho."

Mama akaketi, kaka akaketi. Majina yalipoanza kupanda, babu akasema, "Chiriku, njoo hapa karibu. Nisomee, na mimi nifaidi."

Akaketi kando ya babu; kwenye kioo aliona moshi tu. Lakini si yeye aliyeyaandika? Akaanza kwa sauti ya kujiamini: baba mkubwa, mkewe, baba mdogo, shangazi, kisha watoto wote, na mwisho babu na bibi, bila kusita.

Shangazi akasimamisha filamu. "Anza tena."

Akaanza tena, vilevile.

"Wakati uko jikoni nimebadilisha mpangilio," shangazi akasema polepole. "Bibi ndiye wa kwanza sasa. Baba mkubwa yuko mwishoni kabisa. Hukusoma, mwanangu. Umekariri."

Hakuna aliyecheka, hata kaka. Chiriku alijaribu kusema kitu, kikatoka kilio. "Sioni. Hata ubaoni sioni, nanakili kwa rafiki yangu. Nitakuwa kama babu. Nimeomba kila siku na bado sioni."

Mama alimvuta kifuani. Babu ndiye aliyeuliza, "Usiku unauona mwezi?"

"Nauona. Una manyoya kingoni."

"Basi tusizike mtu aliye hai. Apelekwe akapimwe."

Jumapili ukoo ulikuja, ukaitazama filamu. Jumatatu Chiriku na mama yake walikuwa kwenye kliniki ya macho. Chiriku alishika vidole vya mama kwa nguvu, kama anaingia kung'olewa jino. Mtaalamu wa macho alimpima jicho mojamoja, akamulika ndani kwa taa ndogo, akapima na presha ya macho. Kila alipotua kuandika kitu, Chiriku alihesabu kuwa ni habari mbaya.

"Macho yako ni mazima," mwishowe akasema. "Ya karibu yanayaona vizuri, ya mbali hayayafikii. Ni miwani tu. Ila kwa kuwa, kama mama yako alivyonieleza, babu yako alipofushwa na ugonjwa wa presha ya macho, urudi kila mwaka tukupime."

Miwani ilipokuwa tayari, shangazi aliwasha filamu upya. Majina yakapanda mstari kwa mstari, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Chiriku alimsomea babu yake, safari hii kwa mpangilio mpya, na alipofika kwa baba mkubwa, mwisho kabisa, akacheka.

Mama alizima runinga. "Kuomba ulifanya vyema, na usiache. Mungu anasikia hata yaliyo moyoni. Sisi binadamu hatusikii mpaka utuambie. Na yule aliyekupima kliniki, nani kasema si jibu la sala zako? Ulikuwa unatengeneza herufi, kumbe cha kutengenezwa kilikuwa kingine. Mwili ukikuambia kitu, usikifiche, na usijifanye unaona usichokiona."

"Aseme mwenyewe," babu akaongeza. "Tusikie wote."

Chiriku alisimama mbele yao: mama, shangazi, kaka, na babu aliyegeuza sikio upande wake.

"Naahidi," alisema, "nikiumwa au nikiogopa, nitasema siku hiyohiyo. Na kila mwaka nitakwenda kupimwa macho, hata nikiwa mkubwa wa kwenda peke yangu."

"Tumesikia," babu akajibu.