Fundo la Baba Katika Mto Marne

Kila Jumamosi, akimaliza kukunja nguo, Haifa alikaa jikoni kwao Wembley akafunga kamba kwenye mguu wa kiti. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Fundo hilo alifundishwa na baba yake, Muhiddin, dereva wa basi, ambaye ujanani alifanya kazi ya kufunga meli katika bandari ya Unguja. Kamba yenyewe, nyeupe na nene, alikuja nayo kutoka huko. Muhiddin alifariki mwezi wa Januari. Tangu hapo Haifa hakumruhusu mtu kuigusa, hasa mdogo wake Muhsin, ambaye kila kitu kirefu kwake ni cha kurukia.

Marehemu aliacha ahadi moja. Alitaka kukodi mashua nchini Ufaransa na kuipeleka familia yake kwa njia ya mto hadi Paris, kwa dada yake Siham. Shangazi Siham anaumwa figo na hawezi kusafiri. Hata mazishi ya kaka yake hakuyahudhuria. Basi Ami Hafidh, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amemwahidi kaka yake kuitimiza ahadi hiyo, akajitwika safari. Yeye ni karani wa hospitali, mtu wa makaratasi. Lakini tangu Machi alikwenda kila Jumapili kwenye mfereji wa Alperton, jirani na kwao, kujifunza kuendesha mashua, na mara mbili alirudi amelowa chapachapa.

Mwezi wa Agosti wakawa mtoni Marne: Ami Hafidh, Haifa, Muhsin na mama yao, Mama Jokha, na kamba ya baba ikiwa ndiyo kamba ya mashua.

Mto ule hushuka kwa vituo. Mashua huingia katika chumba cha zege, milango ya chuma hufungwa nyuma yake, maji hupunguzwa taratibu na mashua hushuka nayo. Kisha milango ya mbele hufunguliwa.

"Kwa hiyo hapa kamba haifungwi," Ami Hafidh alisema kila walipofika. "Izungushe mara moja kwenye nguzo ile ya ukutani, shika ncha yake, uilegeze kidogo kidogo. Umenifahamu, Haifa?"

"Nimefahamu, ami."

Na kweli alifahamu. Lakini siku ya tatu alitaka kuchukua simu yake ampigie picha shangazi. Isitoshe, kushika kamba mkononi kama anayechunga mbuzi kulimtia haya. Baba yake alikuwa akifunga! Basi akafunga fundo la baba kwenye nguzo, akalikaza, akaingia ndani.

Maji yakashuka. Mashua ikaning'inia upande mmoja, ikalia kwa sauti ya mbao zinazotaka kupasuka. Vikombe vikaanguka. Birika la chai likammwagikia Mama Jokha mkononi.

"Kisu!" Ami Hafidh alipiga kelele. Alikinyakua, akaikata kamba, na mashua ikaanguka majini kwa kishindo.

Mama Jokha aliuweka mkono chini ya bomba la maji baridi kwa dakika ishirini, kama anavyowafundisha wenzake kazini huduma ya kwanza, huku akiuma midomo.

"Imekuwaje, Haifa?" aliuliza ami.

"Kamba ilinasa yenyewe," Haifa alijibu. Sauti yake mwenyewe aliiona ngeni.

Walipotia nanga mbele kidogo, mlinzi wa lango, mama mmoja wa makamo, aliwafuata kwa baiskeli. Alimkabidhi Haifa kipande cha kamba kilichobaki kwenye nguzo. Alikuwa amekivua kama pete, na fundo lingali limefungika. Haifa alikificha chini ya mto wa kulalia. Mtu yeyote wa nyumba yao angelitambua fundo lile.

Wakati wa chakula cha jioni Ami Hafidh hakugusa sahani yake.

"Shemeji," alimwambia Mama Jokha, "kesho nairudisha mashua. Nimekuunguza wewe, na ningeweza kuwaua watoto wa kaka. Mimi si mtu wa kazi hii. Siham tutampigia simu, atatusamehe."

"But you promised Dad!" Muhsin alilia kwa Kiingereza, kama kawaida yake anapozidiwa.

"Nilimwahidi," ami akasema, akainamisha kichwa.

Haifa hakuwahi kumwona mtu mzima akijidharau namna ile kwa kosa lisilo lake. Alikwenda akakitoa kipande kile, akakiweka mezani kati ya sahani.

"Hukukosea, ami. Nilifunga mimi, nikaondoka. Halafu nikasema uongo. Mama, nisamehe."

Ami Hafidh alilitazama fundo la kaka yake, machozi yakamtoka.

"Umenitia hofu," alisema mwishowe, "na umenifanya nijione si lolote. Hilo la pili limeniuma zaidi. Lakini umesema. Kesho tunaendelea, na kamba utashika wewe."

Aliishika katika malango yote yaliyobaki. Haikumtia haya tena.

Siku ya sita walifika gati la mwisho, pembezoni mwa Paris. Shangazi Siham alikuwa amesimama hapo, amekonda, mtandio umemzidi.

"Shikamoo, shangazi!" Haifa alimrushia kamba.

"Marahaba, mwanangu." Aliidaka, akaiona ilivyo fupi. "Nani kaikata kamba ya kaka yangu?"

Ami Hafidh alifungua mdomo, lakini Haifa alimtangulia. Alieleza yote, fundo, chai na uongo, kisha akashuka gatini akampa kile kipande.

Shangazi Siham alikaa kwenye benchi, akaanza kulifungua fundo kwa kucha. Lilikuwa limekaza kama jiwe. Alihangaika nalo, akapumzika, akahangaika tena, mpaka likalegea.

"Fundo la Muhiddin hufunguka kwa kidole kimoja," alisema. "Hili limebeba uzito wa mashua nzima, ndiyo maana limekaza. Na uongo ni hivyo hivyo, Haifa. Ukiuacha ukabebeshwa mzigo wa watu, kuufungua ni kazi na machozi. Wewe ulichelewa saa chache tu. Safari nyingine usichelewe hata saa."

"Ndiyo, shangazi."

Akamrudishia ncha ya kamba na kumwonyesha nguzo ya gati.

"Haya, mtoto wa Muhiddin. Hapa ndipo pa kufunga."

Haifa alipiga magoti akafunga.