Ndama Aliyegoma Mlangoni

Siku ya kuchinja ndama, mchinjaji aliamka na kichwa kikimgonga hata kabla ya chai. Ng'ombe wakubwa aliwaweza. Ndama ndio waliomtoa jasho.

Wakifika tu mlangoni pa machinjio, wanagoma. Yeye anavuta kamba, mkewe anasukuma kwa nyuma. Mkia unasokotwa, fimbo inatembea. Ndama akiingia, anateleza na kuanguka. Kifaa cha kumpotezea fahamu kinakosa paji la uso, na maskini anapigwa mara ya pili.

Nyama nayo ikawa nyeusi, ngumu, yenye mavilio ya damu.

"Nikiona tena mavilio haya, nafunga machinjio," alisema mkaguzi wa nyama, mama mnene wa buti za mpira.

"Dada yangu, ndama hawa ni wabishi kuliko mimi!"

"Muongo," mkewe akadakia. "Kukushinda wewe? Hajazaliwa!"

Mkaguzi akacheka, kisha akatazama sakafu. Ilimeta maji.

"Mnaosha wakati gani?"

"Ndama akiwa mlangoni," mke alijibu kwa fahari. "Sisi si wachafu."

"Haya, bwana, piga magoti. Ingia kama ndama."

"Na kitambi hiki?"

"Nacho kije."

Akapiga magoti. Huko chini, maji yalimmulika machoni kama kioo. Aproni iliyotundikwa mlangoni ikampepea usoni. Alipojivuta mbele, mkono uliteleza, puu! Kidevu sakafuni.

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mchinjaji hakucheka.

"Hata mimi ningegoma," alisema polepole.

"Umeona?" Mkaguzi alimwinua. "Osheni mapema, pakauke. Tandikeni mkeka wa mpira. Ondoeni vinavyopepea. Ndama apumzike, anywe maji, asimwone mwenzake akichinjwa. Akihangaika, nguvu za misuli zinaisha, nyama inaharibika. Ila hata isingeharibika, huyu ni mtoto. Anaogopa, anaumia. Tunamchinja, basi tusimtese."

"Na akigoma bado?"

"Weka fimbo chini. Mpe vidole anyonye."

Siku ya kuchinja ilipofika tena, sakafu ilikuwa kavu. Mchinjaji alimnyooshea ndama vidole. Ulimi wenye joto ukavishika. Akarudi nyuma taratibu, ndama naye akamfuata mpaka ndani, bila kamba kukaza. Alisimama ametulia. Kifaa kilimpata pale pale, mara moja tu, akaanguka hana fahamu. Mchinjaji akamgusa jicho. Halikupepesa. Ndipo kisu kikafanya kazi.

Alikaa kidogo akivitazama vidole vyake, bado vina mate.

Mkaguzi alipokuja, aligeuza nyama huku na huku. Nyekundu, safi, haina hata vilio moja. Akaigonga muhuri.

Mara jirani akachungulia ukutani, kapu mkononi.

"Shemeji, kulikoni? Leo hamjachinja? Sijasikia kelele kabisa!"

"Tumechinja," alisema mchinjaji. "Pita ndani uchague."