Benchi la Uani kwa Phanice

Kila Elmina alipokuja nyumbani Kimulot, mama yake, Phanice, aliazima benchi la kanisa na kuliweka uani. Majirani wagonjwa waliketi hapo wakimngoja. Elmina alikuwa daktari katika hospitali ya mbali. Phanice alikuwa mchuna chai.

"Mungu alinipa daktari," alisema. "Siwezi kumficha."

Jumapili moja mwaka wa 2021, wakati wa korona, watu tisa walikuwa wanangoja. Elmina alifika langoni, akaliona benchi, akageuka. Aliingia katikati ya michai, akaketi chini.

"Daktari amekimbia goti langu!" akasema Mzee Oyugi kutoka benchini. Watu wakacheka. Phanice aliona aibu.

"Ameingiwa na kiburi," alisema.

"Hicho si kiburi, Mama Elmina," akasema jirani yake Akello, nesi wa dispensari. "Twende."

Walimkuta Elmina anasugua mikono yake kwa majani, ingawa ilikuwa safi.

"Mama, kesho naacha kazi. Barua nimeshaandika."

"Uache kazi? Na vile tulichuna chai usome?"

"Mwache aseme," Akello alimwambia.

Elmina alisema polepole. Walikuwa madaktari sita. Wawili waliugua, mmoja wao akafa. Waliobaki walifanya kazi bila siku ya kupumzika. Mavazi ya kujikinga yalikuwa mazito, na hawakuweza hata kunywa maji.

"Jamaa za wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia, Mama. Waliokufa, mimi ndiye niliyewashika mkono. Mwalimu wa Kiptere. Dereva wa lori. Mama wa mapacha. Mzee aliyeimba..."

Phanice alihesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, na Elmina bado alikuwa anataja. Phanice akapiga magoti kwenye udongo, kama yuko kanisani.

"Mwanangu, hawa wote umewabeba peke yako?"

Elmina akalia.

"Akili pia huchoka, ikaugua," Akello akasema. "Usingizi hupotea. Kazi uliyoipenda inakutisha. Si udhaifu, wala si kukosa imani. Mimi niliugua hivyo. Nilienda kwa mshauri nasaha, mtu aliyesomea kusikiliza na kusaidia. Barua iweke kwanza, Daktari. Kesho nitakusindikiza kwake."

"Na maombi?" Phanice akauliza.

"Omba sana. Lakini pia amwone mshauri, na apumzike. Wewe umemwekea zamu nyingine hapa nyumbani."

Phanice alirudi uani. "Inukeni. Dispensari itafunguliwa kesho saa mbili."

"Na goti langu?" Mzee Oyugi akauliza.

"Si ulikuwa unacheka nalo? Litangoja."

Akalibeba benchi kichwani, akalirudisha kanisani.

Elmina alimwona mshauri kila wiki kwa miezi minne. Wenzake nao wakaenda. Kisha madaktari wote walizungumza na wasimamizi wao. Hospitali ikaajiri wengine wawili, na kila mmoja akapata siku ya kupumzika. Barua ile Elmina aliichana.

Siku hizi akija nyumbani, hulala mpaka umande ukauke kwenye chai. Phanice hupita mlangoni taratibu, kikapu mgongoni. Akiwa anachuna, huwataja mbele za Mungu: mwalimu wa Kiptere, dereva wa lori, mama wa mapacha. Huwataja wote hadi wa mwisho, na hahitaji tena vidole.