Alama ya Guka Njiru

Siku Winrose alipokuja kuwekea mzinga wa guka vidude vyake ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimerudi kutoka kichinjioni Kianjokoma, nimepiga mhuri ng'ombe na mbuzi wa asubuhi, nanawa mikono kwa maji moto pale uani, mdogo wangu akaingia getini na mkoba mgongoni. Nasema haya mapema ili mnijue: mimi kazi yangu ni kukagua nyama. Nimepasua maini yenye minyoo, nimeshika mapafu yaliyojaa usaha, kisha nikaenda kula chakula cha mchana bila shida. Mimi si mtu wa kutapika ovyo.

Winrose alikuwa anasomea shahada ya uzamili mjini Meru, na alikuwa amepanga chumba Kinoru. Masomo yenyewe yanaitwa Intaneti ya Vitu. Kila akija nyumbani nilikuwa namtania.

"Bado unasomea vitu? Vitu gani hivyo havina jina?"

"Vitu zote, Ednah. Friji, pampu, hata mzinga. Unaweka sensor, kitu inaanza kukuongelesha kwa simu."

"Mimi sitaki kuongeleshwa na friji."

Safari hii hakucheka sana. Msimamizi wake, Dakta Gitobu, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba alete vipimo vya mzinga ulio hai, vya msimu mzima, la sivyo asahau hiyo shahada. Alikuwa ameshaongezewa muda, na nyongeza nyingine haikuwepo. Mizinga ya kisasa aliyoitegemea kule Timau ilikuwa imehamwa na nyuki kwa sababu ya baridi. Aliojua kuwa una nyuki ulikuwa mmoja tu, wa guka wetu Njiru, babu mzaa baba, aliyefariki mwaka uliotangulia, tukamzika na kinga chake cha moto alichofukizia nyuki.

Mzinga huo ni gogo lililotobolewa, limening'inia kwenye mti wa muringa nyuma ya boma. Ubavuni guka alikuwa amechoma alama yake kwa chuma cha moto: duara, na mistari mitatu chini yake. Kwa watu wa ukoo wetu, mzinga hauna mwenyewe bila alama. Mwenyewe akifa, mwanawe wa kwanza hutemea alama hiyo pombe ya asali, akaikwangua kwa mkono wake, na palepale, kabla jua halijatua, akachoma ya kwake. Gogo haliachwi wazi. Sasa mwana wa kwanza ni anko Salesio, naye ni mzee wa kanisa. Alipokumbushwa alisema mambo ya kutemea magogo aliyaacha siku aliyobatizwa, basi alama ya marehemu ikabaki ilipokuwa.

Winrose alipanda ngazi, mimi nikaishika kwa chini. Kisanduku chake cha plastiki kilikataa kukaa. Kilitaka mahali palipo bapa, na mahali pekee palipokuwa bapa ni pale penye alama, ila ile michomo ilikifanya kiyumbe. Akatoa msasa mfukoni, akaanza kusugua.

"Winrose, hiyo ni ya guka!"

"Ni kidogo tu. Nikimaliza project nitamchorea ingine."

Vumbi la mbao likamwingia mdomoni. Akakohoa, akatema mate juu ya gogo, na mengine akayameza. Kisha akafunga kisanduku chake kwa skrubu, akashuka akiwa amefurahi kama mtoto.

Vidude vile vilipima joto la mzinga, uzito wake, na kusikiliza sauti ya nyuki. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, aliniwekea kwenye simu yangu pia. Asali ikitosha, ujumbe ungeingia wenyewe: Mzinga uko tayari kuvunwa. Nilikiri kwamba hapo mdogo wangu alikuwa ametumia akili.

Mvua za mwaka ule zilikataa. Kahawa haikutoa maua, na majirani walifungua mizinga yao wakakuta nta kavu. Wetu ulikuwa unazidi kuwa mzito. Ujumbe ulipoingia, anko Salesio, yule aliyeona haya kutemea gogo, hakuona haya kuchukua ndoo. Asali ilitoka nyeupe, imeganda kama mafuta ya kondoo juu ya supu iliyopoa. Ilikuwa tamu sana, halafu mwishoni ikaacha chumvi kwenye ulimi. Nilipaka mkate. Nililamba kijiko. Mtungi mmoja tulimpelekea Dakta Gitobu, akasifu asali na akasifu vipimo.

Kisha Winrose akaacha kupiga simu. Nikafunga safari kwenda Kinoru.

Nilimkuta kitandani mchana, mifupa ya mabega imechomoza kwenye fulana. Hospitali walikuwa wamempima kila kitu na hawakuona ugonjwa. Chumba kilikuwa kisafi, lakini kilinuka utamu uliochacha, na foronya ya mto ilikuwa imemgandia shavuni.

"Umekula nini leo?" nikamuuliza.

Aliingiza kidole sikioni, akachokonoa polepole, akatoa kipande cha nta na kuniwekea kiganjani. Kilikuwa cha moto. Kilikuwa kimejipanga vitundu vitundu, vyenye pembe sita, kama sega. Nilikitupa nikajifuta kwenye sketi, na mpaka leo sketi hiyo sijaivaa.

"Skiza mzinga," akaninong'oneza, akasogeza simu.

Hakukuwa na mlio wa nyuki. Palikuwa na kimya, na kitu kinachohema. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, karibu sana: "Umekula nini leo?"

Ilikuwa yangu.

Winrose akakohoa. Simu ikakohoa. Mzinga ulikuwa Kianjokoma, nyuma ya boma letu. Sisi tulikuwa Kinoru, na mlango umefungwa.

"Ile joto inaonyesha ni homa yangu," akasema. "Nimepima. Ikipanda kwangu, inapanda kule. Na hizi kilo napoteza..."

"Sema."

"Si unaona mzinga vile unaongezeka?"

Nikakumbuka kijiko. Nikakumbuka nilivyokilamba pande zote mbili. Sikufika kwenye sinki.

Nilimrudisha nyumbani. Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, tulimketisha kwenye kigoda chini ya mti, mimi na anko Salesio tukapanda na moshi. Tulipoupuliza ndani ya mzinga, Winrose alishikwa na kikohozi kule chini mpaka macho yakamtoka. Nyuki hawakutuuma. Walitembea tu mikononi mwetu, wazito, wanateleza.

Tukafungua kifuniko.

Harufu ilikuwa ya kichinjioni, saa za mchana, kabla ya kumwaga maji. Masega yalikuwa meupe na yalikuwa yanatoa jasho. Nywele zilikuwa zimefumwa ndani yake, ndefu, nyeusi. Kwenye vitundu, mahali pa majana, wale watoto wa nyuki, mlikuwa na kucha. Moja ilikuwa bado na rangi ya zambarau aliyopaka Winrose Krismasi. Nilibonyeza sega kwa kidole. Nayajua mafuta ya ng'ombe, na ya mbuzi, na ya nguruwe. Haya yalikuwa laini, yenye joto, na ndani yake palikuwa na mshipa unaopiga.

Anko alichomeka kisu. Winrose akapiga ukemi.

"Wacha!" nikasema. "Ukikata, unamkata yeye."

Hatungeweza kuuchoma, wala kuukata, wala kuuacha uendelee kumla. Anko Salesio aling'oa kisanduku, akaona ubavu wa gogo pale palipokwanguliwa, na uso wake ukamshuka. Alishuka ngazi, akaninong'oneza nilete chuma na moto. Akaleta chupa ya pombe ya asali kutoka kwa jirani, akapanda tena, akatia mdomoni, mzee wa kanisa, akatemea gogo. Kisha akachoma alama yake, msalaba mdogo.

Chuma kilipogusa mbao, Winrose alianguka kutoka kwenye kigoda. Hewa ilinuka nyama iliyoungua. Nyuki walitoka wote kwa pamoja, wingu zima, bila sauti yoyote, wakaelekea upande wa mlima. Masega yakayeyuka, yakaanza kudondoka kwenye majani. Tuliyazoa kwa koleo. Nilitapika mara nyingi kuliko nilivyotapika maisha yangu yote. Tulichimba shimo refu tukayafukia, na anko akayaombea kama anavyoombewa maiti. Kile kisanduku nilikitoa betri, nikakivunja kwa jiwe, nikakitupa kwenye shimo la choo.

Jioni nilimwogesha Winrose. Nilitarajia kuona msalaba kwenye ngozi yake, na nilikuwa nimejiandaa. Ubavuni, chini ya kwapa, palikuwa na alama, lakini haikuwa ya anko. Ilikuwa duara, na mistari mitatu chini yake. Haikuwa mbichi. Lilikuwa kovu kuukuu, limefifia, kama la mtu aliyechomwa utotoni, na mimi nimemwogesha mtoto huyu tangu azaliwe. Sikumwambia.

Alipona. Alikula kila kilichowekwa mbele yake, akamaliza mradi wake, akautetea, akapita. Dakta Gitobu alisema hajawahi kuona vipimo vilivyopangika namna ile, na mpaka leo huuliza kama asali ipo. Sasa Winrose amehamia nyumbani akitafuta kazi. Mashavu yamerudi, mikono imejaa. Kanisani akina mama humshika kiuno na kumwambia amenawiri.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani, Winrose akichota sahani ya tatu ya mukimo, ndipo simu yangu ikatetemeka. Nilidhani ni ujumbe wa kanisa. Nikaufungua chini ya meza.

Mzinga uko tayari kuvunwa.

Nilisoma tena. Nikamtazama mdogo wangu, naye akanitabasamia, mdomo umejaa. Niliinuka, nikasema naenda kuleta maji, nikaenda stoo ninakofungia ngazi. Kufuli lilikuwa mahali pake. Ngazi haikuwepo.

Niliikuta nyuma ya nyumba, imelazwa chini ya dirisha la chumba anacholala Winrose. Kando yake palikuwa na ndoo, imeoshwa vizuri, imefunikwa. Na juu ya ndoo palikuwa na kinga cha moto cha guka, kile tulichomzika nacho, na bado kilikuwa kinatoa moshi.