Vumbi Lililokaa Chini ya Jani

Kila Alhamisi mchana Yonathani Nzunda wa Iyula alivaa shati lake la kanisani, akabeba daftari, akaenda shule. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake, na masomo yakampita. Sasa alisoma katika darasa la watu wazima, ndani ya jengo la kanisa, kwenye benchi la watoto lililomfanya akunje magoti mpaka kidevuni. Mkewe Ruti alimtania kwamba amezaa watoto wanne na sasa analea mwanafunzi wa tano. Yonathani hakujali. Mwaka wa kwanza alijifunza kuandika jina lake, na siku ile alitembea kijijini kama aliyeoa upya.

Mwalimu wao aliitwa Gwantwa. Alikuwa mdogo kuliko Atupele, binti mkubwa wa Yonathani, lakini alijua kushika darasa. Alhamisi moja ya mwezi wa pili aliuliza swali. Ni nani, au ni kitu gani, kilichobadilisha historia ya watu?

Darasa likachangamka. Mmoja alisema wafalme. Mwingine alisema viongozi waliodai uhuru. Mama mmoja alisema ni watu walioandika vitabu, kwa sababu mfalme akifa amri yake hufa, lakini kitabu hubaki. Osea, jirani yake Yonathani, alisema ni aliyetengeneza simu, na watu wakacheka. Mwalimu Gwantwa alisema wote wamejibu vizuri. Kisha akamtaka kila mtu aandike jibu lake, sentensi nne tu, alilete baadaye.

Yonathani alirudi nyumbani kichwa kizito. Wafalme hakuwajua. Vitabu alikuwa bado anavisoma kwa kidole. Angeandika nini?

Lakini shambani kulikuwa na jambo lililomchanganya zaidi.

Kahawa yake ya bondeni ilikuwa na unga wa rangi ya chungwa kwenye majani. Ukigusa, unga unabaki kidoleni. Majani mengi yalikuwa yanaanguka, na matawi yalianza kubaki uchi huku matunda yakiwa bado mabichi. Yonathani alimwita Osea aje kuona. Osea aliangalia, akajikuna shingo, akasema ni vumbi la barabarani. Greda limepita juzi juzi, alisema, na magari ya mahindi hayalali. Mvua ikinyesha vizuri litaoshwa.

Vumbi mwezi wa pili, wakati mvua inanyesha karibu kila siku na magari yanakwama kwenye tope! Mtoto mdogo angekataa. Lakini mtu mwenye hofu hulidaka jibu la kwanza analopewa, na Yonathani alilidaka.

Akampigia pia mdogo wake Luka, aliyekuwa na duka Tunduma, karibu na mpaka. Luka hakutaka kusikia habari za majani. Alisema kahawa ni ya wazee. Ang'oe yote, apande mahindi, malori yapo kila siku. Siku ya tatu Yonathani alikwenda kwenye duka la dawa za kilimo. Muuzaji hakuuliza mengi, akampa dawa ya wadudu. Akapiga. Inzi wawili watatu walikufa, na unga ukabaki palepale.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Yonathani sasa alikuwa na majibu matatu, na hakuna lililofanana na lingine. Kila asubuhi aliamka akiwa na uamuzi, na kila jioni alikuwa ameubadilisha.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Alilifanya kwa upendo.

Juu ya shamba, karibu na nyumba, lilikuwapo kaburi la baba yake, mzee Samwel. Pembeni mwa kaburi ilisimama mibuni kumi na miwili. Mzee Samwel aliipanda kwa mikono yake, na nyumbani waliiita safu ya mzee. Hakuna aliyewahi kuipelekea panga. Kila msimu, ndoo ya kwanza ya safu ile ilikwenda kanisani kuwa malimbuko, kabla nyumba haijauza hata punje. Mzee alianzisha jambo hilo, na Yonathani hakuliacha hata mwaka mmoja.

Sasa aliona majani mengi yameanguka bondeni, akayahurumia. Huku kwetu mkulima mzuri hatupi majani. Huyatandaza chini ya mibuni ili udongo usikauke, na yakioza yawe mbolea. Basi Yonathani alizoa majani yale kwa tenga, safari tisa, akayapandisha mlimani. Akayatandaza kwenye safu ya mzee, mengi kabisa, kama mtu anayemfunika baba yake blanketi.

Baada ya wiki nne hivi, safu ya mzee nayo ikawa na unga wa chungwa.

Yonathani alisimama kando ya kaburi, na machozi yakamtoka. Hakuyaficha. Ruti alimkuta hapo. Alimuuliza mumewe kama kuna mtu amemkosea. Yonathani alijibu kwamba hajui. Hajui kama ni mtu, ni vumbi, ni mdudu au ni adhabu. Hajui kitu chochote.

Alhamisi iliyofuata alikwenda darasani bila jibu la Mwalimu Gwantwa. Alipofungua daftari, jani la kahawa likaanguka. Alikuwa amelibana katikati ya kurasa ili awaonyeshe watu. Ukurasa wote ulikuwa na doa la chungwa. Mwalimu aliliokota jani, akaligeuza, akamuuliza ameshamwonyesha nani. Yonathani akataja: Osea, Luka, mwenye duka.

"Baba Atupele," mwalimu alisema, "umeuliza kila mtu isipokuwa mwenye kazi yake. Bibi shamba yupo. Namba yake hii hapa, iandike mwenyewe."

Yonathani akaiandika, tarakimu moja moja.

Bibi shamba Rosemary alikuja siku ya pili yake kwa pikipiki, tope limemfika magotini. Alikuwa mama mnene, mpole, asiye na haraka. Alisalimia, akanywa uji aliopewa na Ruti, ndipo akaomba kuonyeshwa shamba. Huko hakutoa hotuba. Aliinama, akavuta tawi, akamuuliza Yonathani swali dogo.

"Vumbi la barabarani likiruka, linatua wapi kwenye jani?"

"Juu."

"Basi geuza hili."

Yonathani akageuza. Juu ya jani kulikuwa na madoa ya njano tu. Unga wote ulikuwa chini. Alishika jani la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikuwa hivyo. Majuma yote hayo alikuwa ameyashika majani yale, na hakuwahi kujiuliza vumbi lingewezaje kukaa kwa kuning'inia. Aliona aibu, akakaa chini kwenye nyasi mbichi.

Rosemary alikaa naye. Alimweleza kwamba ule unga ni ukungu, na wakulima huuita kutu ya majani. Ukungu ni kiumbe hai. Chembe zake ni ndogo mno, na upepo huzibeba. Matone ya mvua huzirusha, na hata nguo na mikono ya mtu huzihamisha. Zikikuta jani lenye maji, huota na kuingia ndani, kisha hulila jani mpaka lianguke. Mbuni usio na majani hauwezi kulisha matunda. Kwa hiyo mvua haikuwa dawa. Mvua ndiyo iliyousaidia. Dawa ya wadudu nayo haikuweza kitu, kwa sababu aliyekuwepo hakuwa mdudu.

"Na majani niliyoyapandisha kwa baba?" Yonathani aliuliza.

Rosemary hakumficha. "Upepo ungeweza kuupeleka hata bila wewe. Lakini uliuharakisha. Majani yenye ugonjwa hayahamishwi, baba. Yanafukiwa palepale."

Kisha akamsimulia habari. Zamani, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, kilikuwapo kisiwa mbali upande wa India, leo kinaitwa Sri Lanka. Kilijaa kahawa, milima kwa milima, na matajiri wake walijulikana duniani. Kutu hii ikaingia. Mwanzoni hawakuijali, kwa sababu mavuno yalikuwa bado mazuri. Baadaye alitumwa mtaalamu kijana aichunguze. Alitega vioo vidogo shambani, akazinasa chembe zinazopeperushwa na upepo, akaandika aliyoyaona. Lakini mashamba mengi yalikuwa yameshaharibika. Haikupita miaka mingi, kahawa ya kisiwa kile ikaisha. Wenye mali walifilisika, vibarua wakakosa kazi, na milima ile ikapandwa chai. Mpaka leo ni nchi ya chai.

Yonathani alimtajia swali la Mwalimu Gwantwa, na jinsi wengine walivyojibu wafalme, kisha akakiangalia kidole chake chenye rangi ya chungwa. "Unga huu huu?"

"Huo huo. Hakuna mfalme aliyeamuru."

Kwa shamba la bondeni, Rosemary alisema, bado kuna njia. Apunguze matawi na maotea, yale machipukizi yasiyotakiwa, ili hewa na jua vipite. Aipe mibuni mbolea ipate nguvu. Dawa ya shaba ipigwe kwa vipimo na tarehe atakazompa, kuanzia msimu ujao, kabla mvua hazijakolea, kwa sababu dawa ile hukinga jani zima na haifufui lililokwisha kuugua. Na anayepiga avae glavu, buti na kitambaa puani. Kwa safu ya mzee alikuwa na neno zito zaidi. Mibuni ile ni ya aina ya zamani, haina kinga, na imezeeka. Ikatwe.

Yonathani akasimama. "Hapo hapana."

Rosemary hakumshindania. Alifukua kidogo kwenye shina moja, akamwonyesha mizizi myeupe, mizima. Alisema hawataing'oa. Wataikata iwe visiki baada ya mavuno. Machipukizi yatatoka. Yakifikia unene wa penseli, yatabebeshwa vikonyo, yaani vijiti vilivyokatwa kwenye kahawa chotara, ile yenye kinga ya kutu. Mizizi itabaki ya zamani, na juu yataota matawi mapya.

Siku tatu Yonathani hakula vizuri. Aliogopa ndugu watasema amemkata baba yake kaburini. Aliogopa pia kwamba ndoo ya malimbuko haitakwenda kanisani, na kwamba yeye ndiye aliyeiua. Siku ya nne Ruti, aliyekuwa akipepeta ulezi uani, akasimamisha ungo.

"Baba Atupele, hivi pale penye kahawa palikuwa na nini zamani?"

"Ulezi. Shamba la babu."

"Nani aliufyeka?"

Hadithi ile Yonathani aliijua tangu utotoni. Mzee Samwel alikuwa kijana alipoleta miche ya kahawa, kitu ambacho wazee wengine wa ukoo hawakutaka hata kukiona. Aliufyeka ulezi wa baba yake. Walimwita mpotevu, na mjomba mmoja aliapa hatakanyaga uani kwake. Baadaye mjomba huyohuyo alikuja kuomba miche.

Yonathani akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mwezi wa pili. "Kumbe mzee naye alimkata baba yake."

"Na baba yake hakufufuka kumlaumu," Ruti alisema, akaendelea kupepeta.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba. Safu ya mzee haikujaza ndoo, na Yonathani alipeleka kanisani kile kidogo kilichopatikana, ndani ya sufuria. Aliinamisha kichwa, lakini alikipeleka. Baada ya hapo alishika msumeno. Alikata mibuni kumi na miwili, mmoja baada ya mwingine, Ruti akiwa pembeni. Machipukizi yalitoka, wakayachagua mazuri. Rosemary alikuja na vikonyo na kisu kikali, akamwonyesha jinsi ya kuchonga, kuunganisha na kufunga kwa utepe wa nailoni. Mitatu ya kwanza Yonathani alikosea ikakauka, akarudia. Kwenye kila kisiki alifunga kibao. Juu ya kila kibao aliandika kwa mkono wake: Amepanda Samwel. Amebebesha Yonathani.

Darasani, jibu lake lilichelewa karibu mwaka mzima. Mwalimu Gwantwa alikubali kulisikia. Yonathani alisimama, akasoma kwa kidole, polepole: "Wafalme walibadilisha historia. Walioandika vitabu walibadilisha historia. Na ukungu mdogo chini ya jani ulibadilisha historia ya kisiwa kizima. Sisi wa Iyula tuligeuze jani mapema."

Osea hakucheka. Jioni ile alikuja kuazima kinyunyizio.

Bondeni Yonathani alifuata tarehe za Rosemary bila kuruka hata moja. Kutu ilipungua, majani yakakaa. Msimu wa tatu tangu msumeno, safu ya mzee ilizaa vizuri kwa mara ya kwanza. Kahawa ilikuwa nyekundu, imebanana kwenye matawi. Yonathani na Ruti walichuma asubuhi, wao wawili, mpaka ndoo ya malimbuko ikafurika.

Kabla hajaibeba kichwani, Ruti alivuta tawi lililo karibu kabisa na kaburi. Akageuza jani. Akapitisha kidole chini yake, taratibu, kutoka kikonyoni hadi ncha, kisha akamnyooshea mumewe aone.

Kidole kilikuwa safi.